Nilivyomtetea Brayo

Asubuhi hiyo nilitoka mtaani kwetu Gatwekera bila mpango, nikafuata miguu hadi Kawangware. Kwenye geti la chuo kimoja vijana walikuwa wanaimba, na mimi siwezi kupita kelele bila kuuliza.

"Ni kura za wanafunzi," akaniambia Brayo, mgombea mwenyewe, akinivisha tisheti yenye sura yake. "Nipigie kelele, bro, na leo unalala hosteli kwangu."

Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Mara tukaitwa ukumbini. Mpinzani wake, Achieng, alikuwa amelalamika kwamba Brayo ameleta watu wa nje ya chuo. Ikithibitika, jina la Brayo linafutwa.

"Sijaleta mtu!" Brayo akaapa.

Kwenye siasa za mtaani kwetu, anayelaumiwa ni yule anayebeba watu kwa lori. Na hapa sikuwa nimeona lori. Nikawaza kitanda changu cha hosteli, nikasimama kama wakili.

"Achieng anadanganya! Mheshimiwa hajabeba mtu. Mimi nimetoka Gatwekera kwa miguu yangu!"

Brayo akajifunika uso.

"Pole kwa safari," akasema mwenyekiti wa uchaguzi. "Na leo unalala wapi?"

Nikamnyooshea Brayo kidole.

"Kwake."