Kichwa cha Cherehani

Wapo wanaosema maskini hajui kujiwekea. Juzi nimemsikia mtu mzima na akili zake akilisema hilo bombani, nikamjibu ndoo ikiwa mkononi: njoo ukae kwetu mwezi mmoja, halafu uniambie.

Sisi watu wa vyumba vya kupanga hatuweki vitu mahali pamoja. Pasi yangu ya mkaa inalala kwa jirani yangu, fundi cherehani tunayemwita Mama Pindo. Kuku wake wanalala kwangu, maana mwenye nyumba wake hataki kuku. Sufuria kubwa ya uji anaowapikia wapagazi asubuhi iko kwa muuza mkaa. Mlango ukipigwa kufuli kwa ajili ya kodi, moto ukizuka, mwizi akiingia, hupotezi vyote. Mali ya maskini hailali nyumba moja.

Jina la Mama Pindo limetokana na kazi yake. Suruali itachakaa, magoti yatatoboka, pindo liko palepale. Cherehani yake ni ile ya kukanyaga kwa miguu. Aliinunua mwenyewe zamu yake ya mchezo wa kuchangiana pesa wa akina mama ilipofika, na sisi tuliocheza naye tungali hai. Msimu wa sare za shule ndipo anapopumua. Ukipita, anashona magunia na kutia viraka, na uji unaendelea.

Mumewe, mpagazi wa ghala, alikufa kwa maradhi ya kifua. Siku ya mazishi, watu hawajajaa bado, Mama Pindo alilegeza skrubu, akatoa kichwa cha cherehani, akakiviringisha kwenye shuka na kuniletea.

"Dada, nishikie hiki. Msibani macho ni mengi."

Nikakitia ndani ya pipa langu bovu lililo mlangoni, nikafunika kwa magunia. Meza ya cherehani akaifunga kifuniko na kufuli, kama siku zote.

Msiba haujapoa, shemeji yake, mdogo wa marehemu, akasimama katikati ya wanaume. Kaka yake alipokuwa anatema damu huyu hakuonekana hata kivuli.

"Kuanzia leo mimi ndiye kichwa cha nyumba hii," akasema. "Cherehani ni ya kaka, kwa hiyo ni ya ukoo."

"Shemeji, cherehani nilinunua mimi."

"Na wewe uliletwa hapa na nani?"

Wanaume wakakohoa, wakatazama chini. Na wengine uji wa mama huyo ndio uliowakuza! Shemeji akapakia meza kwenye mkokoteni na kufuli lake, bila hata kuchungulia ndani. Chuma cha miguu ni kizito, akadhani kabeba vyote. Mimi nilikuwa naomba dua huku meno yameumana.

Kesho yake akarudi, akatukuta bombani, mbele ya mlango wangu, jasho linamchuruzika. Mnunuzi alikuwa amevunja kufuli mbele za watu, akakuta tundu.

"Kichwa kiko wapi?"

Muuza mkaa, ambaye ulimi wake hauna breki, akadakia: "Kichwa cha nyumba si wewe, baba? Au umejipoteza?"

Wanawake bombani wakaangua kicheko. Hata Mama Pindo akaziba mdomo kwa kiganja. Shemeji hakucheka. Akanigeukia mimi.

"Mama, wewe ni mtu wa sala. Uongo huuwezi. Kiko kwako?"

Damu ikanipanda. Yaani sala zangu ndizo alizotaka zimfungulie mlango amwibie mjane! Maisha yangu yote nimekuwa nikisema haya baba, sawa mwanangu, tumwachie Mungu. Siku hiyo nikaenda nikakaa juu ya pipa.

"Kiko kwangu," nikamwambia. "Nimekikalia. Ukikitaka, nitoe mimi kwanza."

Wenzangu wakaweka ndoo chini, mmoja mmoja, wakaja kusimama pembeni yangu.

"Tutaonana!" akafoka, akaondoka.

"Ukija njoo na miguu!" muuza mkaa akampigia kelele.

Hajaja. Miguu iko uani kwake, hakuna anayeinunua, na tunasikia kuku wanalala juu yake. Huku kwetu kichwa kimefungwa juu ya sanduku la mbao. Mama Pindo anaongoza kitambaa, binti yake anazungusha gurudumu kwa mkono. Msimu wa sare umefika, na binti akitoka shule hagusi kalamu, anazungusha mpaka bega linavimba. Kichwa tulikiokoa, lakini anayelipia ni mtoto. Hilo linanichoma kila nikisikia gurudumu lile.

Halafu wiki iliyopita mke wa shemeji akaleta kaptura ya mwanawe ipindwe. Kwa Mama Pindo! Nikamwambia amrudishie palepale.

"Mtoto hana kosa, dada," akanijibu huku anatunga uzi. "Na mimi nikichagua wateja, tutakula nini?"

Akaipinda. Pindo zuri, halitafumuka.

Mimi, Mungu anisamehe, ningeliacha lining'inie.