Mwalimu Niliyemnunulia Mama

Televisheni ya mama niliinunua mimi. Naanza na jambo hilo ili ijulikane mapema lawama ni ya nani.

Nilikuwa karani wa stoo katika ofisi moja ya serikali mjini Embu. Shule niliiachia darasa la saba, na yaliyobaki nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, nikiandika muhtasari wa kila sura katika daftari. Mama alikuwa mjane. Aliishi peke yake katika shamba letu karibu na Ruiri, nami nilikwenda kumwona kila mwisho wa mwezi.

Mwaka mmoja kabla ya televisheni alikuwa ameanza kusoma. Darasa la watu wazima, tulilolijua kama ngumbaru, lilikutana alasiri mbili kwa wiki katika chumba cha chekechea cha kanisa. Wanawake wenye wajukuu walikalia viti vya watoto, magoti yamewapanda hadi kifuani. Mwenzake mmoja alikwenda ili ajue kusoma mizani ya mahindi asiibiwe. Mama alikuwa na sababu nyingine.

Akina mama wa kanisa lao walikutana kila Jumamosi alasiri, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Kabla ya chai, kitabu cha Neno cha Kimeru kilipita mkono kwa mkono na kila mmoja akasoma fungu lake kwa sauti. Asiyejua kusoma alimpa jirani yake na kusema, "Nisomee." Mama alikuwa amelisema neno hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna aliyemcheka, walikuwa wamelizoea. Yeye ndiye hakulizoea. Aliniambia anataka siku moja, zamu ikiwa nyumbani kwake, asome fungu lake mwenyewe, kisha ndipo amimine chai.

Mimi hupenda kupima mambo, kwa hiyo nilipima. Kila nilipofika nilimsomesha kidogo na kuandika matokeo. Safari ya pili alijua herufi zote isipokuwa tatu. Safari ya tano aliandika jina lake kwa chaki kwenye mlango wa ghala. Safari ya tisa alisoma fungu zima, akifuata mstari kwa kijiti cha ufagio, na maji ya chai yalichemka kabla hajamaliza. Lakini alimaliza. Tena alikuwa akisimama katikati ya sentensi na kubishana nayo. Kwa nini huyu alijibu hivi? Yule mwingine alikuwa wapi wakati huo? Kama sikuwa na jibu alirudi nyuma mistari miwili na kutafuta. Kitabu kilimngoja.

Magazeti ya wakati ule yaliisifu televisheni kama shule ya kila nyumba, nami niliyaamini, kwa kuwa kila nilichokuwa najua nilikitoa kwenye maandishi. Niliwaza kwamba mwanafunzi mwenye bidii namna ile apewe mwalimu wa pili. Stima haikuwa imetufikia. Nilileta televisheni ndogo ya picha nyeusi na nyeupe pamoja na betri ya gari, nikasimamisha antena juu ya mti wa mkaratusi, na nikapatana na jirani mwenye mkokoteni wa punda awe akiipeleka betri sokoni Ruiri kuchajiwa. Mama alifuma kitambaa cha kuifunika.

Matangazo yalifunguliwa saa kumi alasiri. Ngumbaru pia ilianza saa kumi. Jambo hilo nililijua siku ile ile ya kwanza na sikuliona kuwa tatizo.

Niliporudi mwezi uliofuata alinipokea kwa habari. Mafuriko katika nchi fulani, dawa mpya ya kupe, mwanamke aliyejifungua watoto wanne. Kiswahili chake, ambacho awali kilikuwa cha sokoni tu, kilikuwa kimenyooka. Nilimuuliza maswali kumi kuhusu mambo aliyoyaona, akajibu tisa sawasawa. Nikaandika tisa juu ya kumi na kufurahi. Miezi iliyofuata nilifanya vivyo hivyo, na kitabu sikukifungua tena mbele yake, kwa sababu alama zilikuwa nzuri. Hilo ndilo kosa langu. Nilipima alichosikia, nikakiandika mahali nilipokuwa nikiandika alichosoma.

Jambo moja niliona lakini sikulifuatilia. Alikuwa ameacha kubishana. Nilipomuuliza kwa nini dawa ile ya kupe ni bora kuliko ya zamani, alinitazama kana kwamba nimekosa adabu.

"Wamesema," akanijibu.

"Akina nani, mama?"

"Wa ndani," akasema, akiionyesha televisheni kwa kidevu.

Jumapili alikuwa akimtazama mhubiri mmoja aliyesoma Neno kwa Kiswahili, taratibu, akinyamaza baada ya kila sentensi. Mama alimpenda kwa kunyamaza kule. Mahubiri yale yalirudiwa katikati ya wiki, naye akayasikiliza tena.

Televisheni ilipotimiza mwaka, zamu yake nyingine ilifika nami nilikuwa nimekuja nyumbani. Wanawake kumi na mmoja walijaa sebuleni, televisheni ikiwa imezimwa na kufunikwa, na mimi nilikuwa barazani nikipukuchua mahindi, dirisha likiwa wazi. Kitabu kilizunguka. Nilisikia kila mmoja akisoma kwa Kimeru, mwingine haraka, mwingine kwa kukwama. Mwanamke aliyekaa kabla ya mama alipomaliza, jirani wa upande wa pili alikwisha kunyoosha mkono akipokee kama kawaida.

Mama hakumpa. Alisimama, akakifungua, akaanza.

Alisema kwa Kiswahili. Alisema vizuri, bila kukwama hata mara moja, kwa sauti iliyoshuka mwishoni mwa sentensi na kunyamaza kidogo, kama yule mhubiri. Fungu lake lilimalizika naye akaendelea na lililofuata, na lililofuata. Mimi niliacha kupukuchua. Kwa muda, lazima niseme kweli, nilijivuna.

Mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, alingoja hadi mwisho. Kisha alimwuliza kwa upole, kwa Kimeru, "Mama, kitabu ulichoshika si hiki chetu?"

"Ni hiki."

"Hiki ni cha Kimeru."

Mama alisema ameyasoma hapo hapo. Mwenyekiti alisogea akatazama ukurasa. Aligeuza karatasi nyingi, zaidi ya nusu ya kitabu, hadi mahali yalipokuwa maneno yale, akaweka kidole. Ndipo mmoja kutoka nyuma akasema, "Mwacheni, chake kina antena."

Walicheka. Hakikuwa kicheko kibaya, nilikijua kile kicheko, ndicho walichochekeana msimu wa kuvuna. Mama aliketi. Akampa jirani kitabu na kusema, "Nisomee." Kisha akamimina chai.

Sidhani alikusudia kudanganya. Nimelifikiria kwa miaka mingi na hilo ndilo ninaloliamini. Kwa mwaka mzima alikuwa amemwona mtu akishika kitabu na maneno yakamtoka bila kijiti wala kurudi nyuma, na akaona kwamba huko ndiko kusoma, na kwamba kule kukwama kwake kwa ngumbaru kulikuwa njia ya watu wasio na televisheni. Nani alimwambia vinginevyo? Mimi nilikuwa nikimpa tisa juu ya kumi.

Hakurudi kwenye mikutano ya Jumamosi. Mwenyekiti alikuja mara mbili kumwomba msamaha, akapewa chai na habari za mafuriko. Kanisani pia aliacha kwenda, akisema ibada anaipata nyumbani. Nilipotaka kuichukua betri niende nayo Embu, alinizuia mlangoni. Nilipewa jina la baba yake, na tangu utotoni aliniita baba.

"Baba, hawa wa ndani hawanicheki."

Niliirudisha.

Mwaka uliofuata nilifanya jaribio moja la mwisho. Nilikwenda na daftari lake la ngumbaru, nililolikuta ghalani limeguguniwa pembe na panya, na kijiti kipya cha ufagio. Nilivuta kigoda nikaketi mbele yake, karibu sana, televisheni ikiwa nyuma yangu, daftari likiwa juu ya magoti yangu. Alikubali. Aliweka kijiti chini ya jina lake akalisoma. Alisoma neno la pili. Kwenye la tatu alikwama, akarudi nyuma, akakwama tena, nami nikangoja bila kumsaidia, kama mwalimu wake alivyokuwa akifanya.

Kisha macho yake yalipanda juu ya bega langu.

"Sogea kidogo, baba," akasema. "Umeniziba."

Nikasogea.