Mwaka Nilioambiwa Nikae Nje

Barua ya chuo iliingia kwenye simu nikiwa Soko la Toi, kati ya marundo ya mitumba, nikimngoja baba amalize kuchagua misumari. Niliisoma mara moja tu. Kelele za soko zikaenda mbali, kana kwamba kuna mtu aliyefunga dirisha polepole. Midomo ya wauzaji niliiona ikiita wateja, sauti siisikii.

Baba ni fundi wa vitanda. Karakana yake ni banda la mabati Kibera, upande unaopakana na Ayany. Tulipofika aliketi juu ya ubao, akasema, "Haya, soma." Barua ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha baba kinaishia kwenye vipimo. Nikamsomea kwa Kiswahili, nikiyatafuta maneno. Kwamba mwaka wa pili nimeanguka masomo saba kati ya kumi na mawili. Kwamba anayeanguka machache hupewa mtihani wa marudio, lakini anayeanguka nusu au zaidi hukatizwa masomo.

"Kukatizwa," baba alirudia. "Kama stima ya taa? Si hurudi?"

"Kuna rufaa. Nimepewa wiki mbili niandike sababu, niambatishe ushahidi."

"Na sababu ni gani, mama?" Huniita mama kwa kuwa nimepewa jina la mamake.

Sikuwa na sababu. Nyumbani hakuna aliyekufa. Sikuwa nimeugua. Darasani nilikuwa naenda kila siku, naketi safu ya tatu, nafungua daftari. Mhadhiri wa takwimu anaanza kuandika ubaoni, nami naangalia vumbi la chaki likielea kwenye mwanga wa dirisha, na mara niko Kitui kwa nyanya, nimelala juu ya mwamba wenye joto, mbuzi wananipita. Au niko katika nyumba nisiyoijua, yenye ngazi nyingi, napanda tu. Nikirudi, ubao umeshafutwa na watu wanafunga mabegi. Mwaka wa kwanza nilipenya hivyo hivyo. Sikumwambia mtu, kwa sababu haikufanana na shida.

Ushahidi aliutafuta anti, dadake mama, ambaye hushona sare za shule Kawangware, njia ya kwenda Riruta. Mteja wake mmoja alikuwa akifanya kazi zahanati. Anti akaniletea karatasi yenye muhuri, iliyosema nilitibiwa homa ya matumbo wakati wa mitihani.

"Weka kwa bahasha," aliniambia. "Hao watu wanataka karatasi. Wape karatasi."

Siku ya kamati tulipanga foleni kwenye ukumbi mwembamba, kila mtu na bahasha yake kifuani. Ndani kulikuwa na watu wanne. Mkuu wa kitivo, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliniuliza kabla sijaketi vizuri, "Na wewe pia ulikuwa mgonjwa?" Nadhani alitaka kunisaidia.

Kidole changu kilikuwa tayari kwenye mdomo wa bahasha.

"Hapana," nilisema. "Nilikuwa nakuja. Lakini nikishakaa, naondoka. Mwili ndio unabaki."

Mmoja wao alicheka kidogo, akaacha. Mkuu wa kitivo aliandika kitu kirefu. "Hiyo haina kifungu kwa sheria zetu," alisema. "Lakini asante."

Uamuzi ulikuja baadaye: nikae nje mwaka mzima, kisha nirudie mwaka wa pili wote, hata yale masomo matano niliyopita. Nikianguka nusu tena, hakuna rufaa nyingine.

Anti alikasirika. "Mimi nahangaika na karatasi, na wewe unaenda kusema ukweli!" Hakuniongelesha siku tatu. Siku ya nne akapiga simu. "Kuja ushinde hapa na mimi mchana, badala ya kulala huko kwenu."

Basi mwaka ule nilikuwa navuka Ngong Road kila asubuhi kwa miguu, ukungu wa Julai ukiwa umeficha paa za nyumba, watu wakitokea ndani yake na kupotea. Anti alinifunza kushona kola. Cherehani yangu ilikuwa ikinyamaza ghafla, mguu umesahau kukanyaga.

"Umeenda wapi?" anti aliuliza.

"Niko hapa."

Mchana mmoja wa mvua nilichoka kukana. Nikamwambia juu ya ile nyumba ya ngazi. Aliweka makasi chini.

"Ngazi ni za mbao ama za simiti?"

"Mbao."

"Zinalia ukikanyaga?"

"Ya tano inalia."

Alifikiria kwa makini, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitambaa kigeni. "Basi shuka pole pole. Hii kola inakungoja."

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, kwa kutaka kujua. Tangu siku hiyo akawa anauliza na mimi namweleza, na safari nilizozisimulia zikaanza kuwa fupi. Kuna nyakati niliiwahi akili kabla haijaenda mbali, nikauona mguu wangu ukiwa bado mlangoni, ndio unaanza kutoka.

Niliporudi chuoni niliketi na watu wasionijua, wadogo kwangu. Akili ikiondoka, naandika pembeni mwa daftari ilikokwenda: mwambani, ngazini, ukunguni. Halafu naendelea na hesabu kutoka mstari uliobaki. Muhula wa kwanza pembe za daftari zilijaa. Wa pili zilikuwa na nafasi.

Matokeo yalipotoka nilikimbia hadi karakana. Nilikuwa nimepita masomo kumi na moja, limebaki moja la marudio. Baba alikuwa akipiga randa, redio ikiimba. Nikamwambia. Alisukuma randa hadi mwisho wa ubao, akazima redio, akaketi juu ya ubao na kusogea ili nipate pa kukaa.