Mwizi wa Mayai Mekundu

Huu ni mwaka wa kumi na moja nasafisha matangi katika kituo cha utafiti wa viumbe vya bahari. Shule sikusoma, lakini macho ninayo.

Tangi la pili yumo konokono asiye na gamba, mwekundu, mpana kuliko kiganja. Ukimgusa hukunjua kingo za mwili na kuogelea, akipepea kama kitambaa kilichoachiwa upepo. Hutaga mayai kwenye utepe mwekundu alioviringisha mpaka ukadhani ni ua la waridi. Mwezi uliopita utepe huo ulitoweka. Mkubwa wetu akanivaa mbele ya watu, wako kwenye chai. "Umeyasugua! Ukirudia, kazi huna."

Toka siku hiyo sikutulia. Fundi wa pampu kila akinipita: "Mama Brashi, usije ukatusugua na sisi!" Nyumbani nasahau chumvi, kitandani nageuka tu. Mume aliniacha kwa maneno ya watu. Na kazi nayo iende kwa maneno?

Juzi mwekundu akataga tena. Brashi sikuipeleka karibu. Nilijaza ndoo nusu, nikaenda kuchungulia, nikarudi, nikaenda tena. Leo asubuhi utepe ulikuwa na pengo. Nikainama hadi pua ikagusa maji. Ndani ya mikunjo nikamwona konokono mwingine, mdogo kama ukucha, anatafuna. Mwili wake mweupe, ila vinyoya vya mgongoni vimekuwa vyekundu kwa alichokula.

"Fundi! Njoo umwone msuguaji!"

Akachungulia. "Loo! Mwizi kavaa alichoiba."

Mkubwa akaja mbio na kamera, furaha tele. Akasema hawa wadogo huishi kwa kula mayai ya wenzao, na rangi yake huwaingia mwilini. Akanigeukia. "Mama, una jicho wewe!"

"Kilemba cha ukoka sikitaki. Ulinichafua mbele ya watu, nisafishe mbele ya watu."

"Haya, tutaangalia."

"Wako kwenye chai sasa hivi."

Akatangulia, mimi nyuma yake unyounyo. Akakohoa. "Yale mayai, si mama aliyeyasugua. Nilikosea."

Kisha karani akashusha kikombe. "Mayai yapi?"

Mwezi mzima silali, kumbe wenzangu walishasahau! Mkubwa akageuka aondoke. Nikasimama mlangoni.

"Waeleze," nikamwambia. "Anza mwanzo."