Nani Huwatembelea Wagonjwa

Fundi alikuwa mwanamke wa maneno machache. Kibanda chake cha kushonea kilitazamana na ukuta wa kanisa, na majoho yote ya kwaya yalipita chini ya sindano yake. Aliimba sauti ya pili, safu ya nyuma kabisa, mahali ambapo mtu akikosea hakuna anayejua. Kuomba kwa sauti mbele za watu hakuthubutu. Akiambiwa afunge kipindi kwa sala, ghafla anakumbuka pasi aliyoiacha kwenye moto. Wenzake walishamzoea. "Haya, Fundi, kimbia, kibanda kinaungua!" walisema wakimcheka.

Aliyejua kuomba ni wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake. Kanisani walimwita Mama Faraja. Cheo hakuwa nacho. Lakini mtu akilazwa, yeye keshafika na chupa ya chai. Mtu akifiwa, watu wanaamka wanamkuta yeye anafagia uwanja. Alikuwa na sala fulani za polepole, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua, na wagonjwa walizipenda kuliko dawa zao.

Mwaka ule makao makuu ya kanisa yalituma wageni kupima afya ya sharika zake: mchungaji mmoja mstaafu, na mama mmoja mwalimu, mpole, mwenye miwani ya kamba shingoni. Baada ya ibada wakaketi na wazee wa kanisa na viongozi wa vikundi katika chumba cha nyuma, kwenye vile viti vya plastiki vinavyoyumba. Fundi naye alikuwamo kwa sababu katibu wa kwaya alisafiri.

Mwalimu akauliza, akiandika alama ubaoni. Ibada zinajaa? Zinajaa, mpaka vijana wanasimama nje. Ubatizo? Kila msimu. Majumbani watu wanasoma Neno? "Tunasoma," akajibu mzee mmoja wa kanisa, na mkewe akakohoa kikohozi kilichovunja mbavu za chumba kizima.

"Na wagonjwa? Nani huwatembelea?"

"Mama Faraja!" waliitikia pamoja, kama waliofanya mazoezi.

"Yuko wapi, tumpongeze?"

Vichwa viligeuka huku na huku. "Huyo atakuwa kwa mgonjwa," mzee wa kanisa akasema, na watu wakacheka kwa kujivunia. Mwalimu akaandika alama ya juu kuliko zote.

Fundi hakucheka. Alikumbuka kwamba mwaka ule amelipunguza joho la wifi yake mara mbili. Mara ya pili, pini zikiwa mdomoni, alimtania: "Wifi, unataka kurudi usichana, uolewe tena?" Wifi yake alicheka, lakini mkono mmoja ulishika meza na haukuiachia. Halafu akawa haonekani kwenye mazoezi ya kwaya. Jumapili ya kwanza Fundi alisema, atakuwa na udhuru. Zilizofuata hakusema kitu.

Alitoka kwenye kikao bila kuaga, akaenda moja kwa moja kwa wifi yake.

Mlango ulifunguliwa na mpangaji wa chumba cha pili. "Afadhali umekuja, dada," alisema. "Mimi namgeuza tu na kumpa maji. Sijui ndugu zake ni akina nani."

Maneno hayo yalimchoma Fundi. Nyumba ile haikuwa mbali na kibanda chake.

Wifi yake alilala kitandani kando ya ukuta, mwembamba, shuka limempwaya. "Umekuja kunipima joho?" akauliza, na hata wakati ule kulikuwa na kicheko kidogo ndani ya sauti.

"Mbona hukuniambia, wifi?"

"Ningekwambia nini? Hospitali wamesema uvimbe wa tumbo umeshaenea. Kila mtu ana yake. Na nilidhani utaniuliza."

Fundi alichemsha maji, akamwogesha, akambadilishia shuka. Mikono yake ilijua kazi. Moyo ndio uliokuwa hauna pa kukaa.

"Nikwambie kitu?" wifi yake akasema. "Mchungaji usimwambie. Siombi tena. Nikifumba macho nawaona wote niliowaombea, wamekaa mbele yangu, wananitazama. Hakuna hata mmoja anayefungua mdomo. Niombee wewe."

"Wifi, unanijua. Sijui kuomba."

"Basi sema chochote."

Fundi akapiga magoti kwenye saruji. Alitafuta maneno ya wifi yake, yale ya polepole, hakuyapata hata moja. Mwisho akasema, "Mungu, huyu ni wifi yangu." Akashindwa kuendelea, machozi yakamwagika kitandani.

"Amina," wifi yake akasema.

Mchungaji alipopata habari alikuja mbio, akakaa kitandani akalia bila kujificha. Kesho yake walikuja wengi, viatu vikajaa mlangoni, lakini mgonjwa alikuwa amezama kwenye usingizi wa dawa. Hakumjua aliyekuja na asiyekuja. Wiki haikuisha, akafariki. Maziko yalijaa, kwaya iliimba vizuri mno, na Fundi, katika safu yake ya nyuma, hakutoa sauti.

Jumapili wageni walirudi kusoma matokeo, na ule ubao wa alama ukasimamishwa mbele ya kanisa. Usharika una afya njema, walisema, na kwa huduma ya wagonjwa unaongoza sharika zote. Vigelegele vikapanda. Fundi akajikuta amesimama.

"Hiyo alama iondoeni," alisema. "Alikuwa mtu mmoja. Sisi tukamfanya idara. Alipougua, tulisema yupo kwa mgonjwa. Na mimi ni wifi yake, nilimpunguzia joho, nikamtania."

Hapakuwa na aliyekohoa. Mwalimu alivua miwani. Mchungaji, bila kuinua kichwa, akasema, "Ifuteni." Mwalimu akaifuta ubaoni kwa kiganja chake.

Wapo waliomshukuru Fundi, na wapo waliomkalia kikao pembeni: ametuaibisha mbele ya wageni, kwa nini hakuja kusema ndani? Yeye aliwasikiliza, akarudi kwenye cherehani. Vikundi vya kutembelea wagonjwa viliundwa, watu wakajiandikisha kwa wingi. Mvua zilipoanza wakapungua, na zilipoisha hawakurudi. Walibaki Fundi na mke wa mlinzi wa kanisa, mama mcheshi ambaye humaliza habari zote za mtaa kabla mgonjwa hajaitikia salamu.

Kuomba bado kunamshinda. Kuna vitanda anakaa kando yake mpaka jua linapopinduka, na asichokisema ni kingi kuliko anachokisema. Akirudi nyumbani hulia njiani, hasa akipita ile nyumba, ambayo sasa ina mpangaji mwingine na pazia jipya.

Juzi alikwenda kwa mzee mmoja fundi viatu, aliyepooza upande mmoja. Mzee alimkazia macho muda mrefu.

"Wewe ndiye yule Mama Faraja?"

"Hapana, baba. Yule alifariki."

"Ah," mzee akasema. "Nilikuwa namsubiri." Akageuza uso ukutani. Fundi akavuta kigoda, akakaa.