Ng'ombe wa Pakiteng

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijashusha begi mgongoni. Nilikuwa nimepangiwa kituo kidogo cha polisi kule Sale, mimi binti wa Kiiraqw wa Karatu niliyedhani hakuna taabu duniani kuzidi baridi ya kwetu. Nashuka kwenye lori, nakuta watu wamemleta mwanamume kafungwa kamba, wanasema ameiba mbuzi. Nikakimbia ndani, nikapiga saluti ya chuoni, kisigino hadi kikauma.

"Afande, mwizi ameletwa!"

Mkuu wa kituo alikuwa mtu mfupi mwenye sauti nzito. Hakuinua hata macho.

"Nani kakwambia ni mwizi?"

"Watu, afande."

"Wewe umemwona akiiba?"

"Hapana, afande."

"Basi sema mtu ameletwa. Mwizi ni neno la hakimu. Wewe ukilitamka njiani umeshahukumu, na hao wanaokusikia ndio watakaonyonga."

Akatoka nje, akavua koti lake la kazi na kumfunika yule mtu mabegani, kisha akasimama naye bega kwa bega mpaka kelele zikapungua. Akanigeukia: "Penye ghasia, koti kwanza, maswali baadaye. Anayetaka kurusha jiwe ajue analirushia koti la serikali." Mbuzi wenyewe walipatikana jioni ile wakijilia mtama wa jirani. Mwenye mbuzi aliona aibu, akapita njia ya nyuma kurudi kwake.

Nawaeleza haya nyie mlioingia kazini juzi, na nyie wa vikundi vya ulinzi shirikishi mnaoniita "bibi afande" mkidhani sisikii. Nasikia sana. Masikio hayajastaafu.

Kutoka Sale nilihamishiwa Olbalbal. Kule hakuna pa kujificha jua wala vumbi, na maji unayafuata mbali. Gari la doria lilikuwa hadithi tu, kazi yote ilikuwa miguu. Sajenti wangu alikuwa mwenyeji wa kule kule, Mmasai mrefu asiyejua kuchoka, na ndiye aliyenifundisha kusoma alama. Alama ni ule mkato wa sikio la ng'ombe: kila ukoo una wa kwake, na mwenye jicho anakwambia mnyama ametoka kwa nani kabla hujauliza.

Siku moja tulikuwa kisimani na wazee wawili wanasalimiana. Huyu anaita "Pakiteng!" na yule anaitika "Pakiteng!" Nikamuuliza sajenti kama wale ni ndugu, maana wana jina moja. Alicheka hadi akakohoa.

"Si jina hilo, Theresia. Mtu ukipeana naye ng'ombe, jina lake unaliacha. Unamwita Pakiteng, na yeye anakuita hivyo hivyo, mpaka kufa. Mkipeana kondoo, mnaitana Paker."

"Na majina yao wenyewe?"

"Ya nini tena? Wengine hata watoto wao hawayajui."

Nililichukulia kama jambo la kuchekesha tu, nikalisahau.

Nilifanya kazi Karatu mjini muda mrefu, chini ya wakuu wa kituo wawili. Wa kwanza alipenda gwaride, wa pili alipenda chai. Huko mambo yalikuwa mengine: begi la mgeni limepotea gesti, mwongoza watalii kapigana na dereva wake, simu zimechomolewa stendi. Siwachoshi na hayo. Nilipokaribia kustaafu nikapewa upolisi kata, Endabash. Polisi kata ni askari anayeishi na wananchi kwenye kata yao. Hana mahabusu wala gari, mara nyingi hata bunduki hana. Ana mdomo wake na koti lake. Kazi yake kubwa ni kufundisha ulinzi shirikishi, yaani kila kaya inatoa mtu wa zamu, mwenye filimbi na tochi, na yowe likipigwa wote wanatoka.

Pale Endabash niliweka sheria moja: neno mwizi ni marufuku. Ukimkamata mtu, sema "tuna mgeni." Walinicheka, lakini wakazoea. Kamanda wa kikundi alikuwa Joakimu, mkulima wa maharage, mtu mchapakazi na mwenye haraka. Ndiye aliyeanzisha grupu la simu la kikundi, na kwa kweli lilisaidia. Nikamwambia, "Joakimu, hata humo ni mgeni." Akasema, "Freshi, afande, hiyo imeisha."

Thubutu!

Msimu ule wa kuvuna maharage watu walikuwa na hasira. Maksai wa mama mmoja mjane, wale wa kulimia, walikuwa wametolewa zizini na hawakuonekana tena. Kila mgeni alitazamwa mara mbili. Nilikuwa ofisi ya kata mchana, nakunywa uji, simu ikalia, ujumbe umeingia. Joakimu ameandika kwenye grupu: "MWIZI WA NG'OMBE KASHIKWA KWA MZEE BURA. WOTE TUJE." Na picha juu: kijana kaanguka chini, shuka nyekundu, damu usoni.

Uji niliuacha pale pale. Nilimsimamisha bodaboda wa kwanza niliyemwona, na njiani nikampigia mkuu wa kituo Karatu. "Gari limekwenda kwenye tukio jingine," akanijibu. "Litageuza. Zuia, Theresia. Zuia mpaka tufike." Nyuma yetu bodaboda nyingine zinatupita, zimepakia watu watatu watatu, wengine siwajui hata kwa sura. Yowe la mdomo linafika mtaa wa pili. Hili la simu lilikuwa limeshafika tarafa nzima.

Niliwakuta chini ya boma, pale kijitoni. Umati umezunguka, mawe mikononi. Katikati kijana mdogo kabisa, paji la uso limepasuka. Pembeni yake maksai mkubwa mwekundu kasimama, kamba inaburuta. Mwanamume mmoja mnene, shati limetoka nje, alikuwa na fimbo nyembamba nyeusi, anamcharaza nayo huku anauliza.

"Ng'ombe wa nani huyu?"

"Wa Pakiteng."

"Pakiteng ndio nani?"

"Mwenye boma hili."

"Mwenye boma hili ni Bura, mwongo we! Hata jina la unayemwibia hulijui!"

Umati ukaguna. Hilo lilikuwa limemmaliza. Mtu anayeswaga ng'ombe wa boma na hamjui mwenye boma, ni nini tena kama si mwizi? Na mimi, nawaambia kweli, niliogopa. Asiyeogopa umati hajawahi kuuona.

Lakini lile jina nililisikia, na Olbalbal yote ikanirudia kichwani.

Nilipenya kwa viwiko, nikavua koti, nikamfunika yule kijana kichwa na mabega, halafu nikaketi chini kando yake na kumkumbatia. Ndiyo, niliketi matopeni, mtu mzima. Jiwe likanipata mgongoni, likanikata pumzi.

"Jina lako nani, mwanangu?" nikamnong'oneza.

"Lemayan. Yeyo, mimi sikuiba." Yeyo ni mama kwa Kimasai. "Nimetoka Olbalbal, namtafuta Pakiteng wa baba yangu. Nimekuta ng'ombe ana kiu, nikamleta kunywa maji."

Nikamwangalia yule maksai sikioni. Mkato ule niliujua, ni wa Olbalbal. Kwao ukifika kwa rafiki ukakuta mifugo ina kiu, unainywesha, ndiyo adabu. Kwetu ukifungua kamba ya ng'ombe wa mtu umejichimbia kaburi. Fausta, mkwe wa Mzee Bura, alikuwa ameolewa pale karibuni tu. Amechungulia dirisha la jikoni, ameona mgeni wa shuka anaondoka na maksai wa baba mkwe. Angefanya nini? Alipiga yowe, na kupiga yowe ilikuwa haki yake.

"Mzee Bura yuko wapi?" nikapaza sauti.

Fausta akajibu huku analia. "Kaenda Karatu, hospitali ya macho. Anarudi na gari la mchana. Simu kaiacha kwenye chaji!"

"Joakimu!" Nilimwona, amejibanza nyuma, uso umempauka. "Njoo hapa. Wewe umelitoa neno, wewe utalirudisha. Panda pikipiki umfuate Bura njiani, umlete. Na ukikawia nitakufuata mpaka kwenye maharage yako!"

Akaondoka mbio. Sasa ikabaki kungoja, na kungoja ndiko kugumu kuliko kazi zote za polisi. Umati haukai kimya, unachemka. Mmoja anasema afande kahongwa. Mwingine anataja maksai wa yule mjane. Yule mnene anapigapiga fimbo kiganjani. Nikaongea bila kukoma, kila niliyemjua nikamwita kwa jina la mtoto wake: Mama Neema, shusha hilo jiwe, Baba Filbeti, juzi tu tulikuwa wote kwenye kipaimara. Mtu ukimwita kwa mtoto wake mkono unalegea kidogo. Lakini wale walioitwa na ule ujumbe wa simu sikuwa na majina yao.

Kisha nikasikia harufu ya petroli. Kijana wa bodaboda alikuwa ameinyonya kwenye tangi lake, ameijaza kwenye chupa ya maji.

"Afande, toka hapo. Usije ukaungua bure."

"Anza na mimi basi! Anza na mimi, ukamwambie mama yako jioni ulichofanya leo!"

Akasita. Nilisali Baba Yetu, nikasahau katikati, nikaanza upya.

Pikipiki ya Joakimu ikaingia. Mzee Bura akashushwa, anapepesa macho, maana alikuwa ametiwa dawa na mwanga unamuumiza. Kabla sijafungua mdomo yule mnene akamdaka.

"Aako," kwa Kiiraqw ndivyo tunavyomwita mzee wa heshima, "huyu unamjua?" Akavuta pembe ya koti.

Bura akainama, akatazama. "Simjui. Sura hii siijui."

"Na ng'ombe huyu?"

"Wangu."

Loo! Majibu yote mawili yalikuwa kweli tupu, na ukweli huo huo ndio ulikuwa unamuua mtu. Umati ukanguruma, ukasogea. Kizibo cha chupa kikafunguka. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo na kupiga kelele:

"Pakiteng!"

Mzee Bura akageuka ghafla, kama aliyeitwa na mama yake.

"Nani kaniita hivyo?" Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini wote wakanyamaza. "Jina hilo ananiita mtu mmoja tu duniani."

"Mwanawe huyu hapa, Mzee Bura. Chini ya koti langu."

Akapiga magoti. Akampapasa yule kijana usoni, damu na yote, akisogeza macho yake mabovu karibu. "Wewe ni wa Pakiteng? Nilikuona ukiwa unanyonya. Baba yako yuko wapi? Mbona hakuja mwenyewe?"

"Papa," Lemayan akasema, akimwita baba kwa Kimasai, "baba hayupo tena. Alisema nisimtume mtu, nije mwenyewe nikwambie. Na nikuletee fimbo yake."

"Iko wapi?"

Lemayan aliinua macho. Watu wote tukayafuata, na wote tukamwona yule mnene na ile fimbo nyeusi mkononi. Ilikuwa na damu kwenye ncha. Aliiachia ikaanguka, akarudi nyuma, akapotelea kwenye watu.

Bura aliiokota, akaikumbatia kifuani, akalia. Alilia kwa sauti kubwa mbele ya kata nzima, mzee wa heshima, bila kujificha. Yule maksai alikuwa zawadi ya rafiki yake, na habari ya kifo cha rafiki huyo ilimfikia katikati ya mawe. Nami nililia, sioni haya kusema. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja bila kuagana. Yule wa bodaboda alikwenda kando, akairudisha petroli tangini polepole. Fausta akaleta maji ya moto na chumvi, akamwosha Lemayan jeraha. Gari la polisi likafika wakati huo, likakuta watu wanakunywa maziwa.

Joakimu nilimpeleka kando. Nilikuwa na maneno mengi, lakini nilimtazama nikaona ameshayasikia yote. Nikamwambia tu, "Futa." Akafuta. Lakini picha ilikuwa imeshafika kusikofutika, na mpaka leo yupo anayeamini kuwa siku ile Endabash mwizi aliokolewa na askari mla rushwa. Hilo linanichoma.

Sasa nimestaafu, nalima vitunguu na kugombana na kuku. Koti nililirudisha stoo likiwa na doa begani, mtunza stoo akanuna. Vijana huniuliza siri ya kazi ni nini, wanangoja niwaambie mambo ya bunduki. Nawaambia: kabla ya kumpa mtu jina, muulize yeye anaitwaje, na jibu usipolielewa, uliza tena. Wanaona bibi anapiga soga.

Juzi nilikuwa mnadani Karatu, nabishana na muuza ndoo, nikasikia sauti kubwa nyuma kwenye ng'ombe: "Pakoti! Pakoti!" Nikageuka. Lemayan, mtu mzima sasa, kovu lile kwenye paji, anakuja anacheka.

"Unaniitaje wewe?"

"Yeyo, sisi mtu akikupa kitu kikubwa, jina lake unaliacha. Pakiteng alitoa ng'ombe. Wewe ulitoa koti."

Muuza ndoo akanitazama kwa wasiwasi, akauliza kama namfahamu mtu huyu. Nilishika mkono wa Lemayan kwa mikono yangu miwili, nikaitika kama inavyopasa kuitika.

"Pakoti!"