Jina Lililoitwa Korongoni

Harufu ya gambuti mpya hunitisha mpaka leo. Juzi niliingia duka moja mtaa wa Sakina kumnunulia mwanangu viatu vya mvua. Muuzaji akafungua mfuko wa nailoni, na ile harufu ya mpira ikanipanda puani. Nikashika meza. Muuzaji akaniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, nikalipa, nikatoka kusimama nje kwenye kelele za mafundi gereji mpaka ile harufu ikanitoka puani.

Nawasimulia ninyi kwa sababu mwanangu bado mdogo, na mume wangu alishanicheka kwa jambo hili.

Nilikuwa darasa la tatu. Tuliishi Lemara, kwenye nyumba yenye mparachichi uani: mimi, Mama, Baba, na kaka yangu Elibariki, aliyenizidi miaka mitatu. Baba alifundisha hesabu sekondari. Alikuwa mpole, mtu wa maneno machache, na hakuna kitu nilichokijua duniani ambacho kingeweza kumtisha. Nilishamwona akimtoa nyoka bafuni kwa fagio, huku akipiga mluzi wimbo wa kanisani.

Masika ilikuwa imeshika. Ukiamka asubuhi huuoni Mlima Meru, unaona ukungu tu, kama vile mtu ameutia mlima mfukoni. Ndipo akaja Shangazi Ndeshi, dada mkubwa wa Baba, aliyekuwa muuguzi Dodoma kwa miaka mingi na ndiyo kwanza amestaafu. Alishuka kwenye teksi na begi moja la nguo na gunia. Ndani ya gunia mlikuwa na gambuti, jozi kwa kila mmoja wetu. Tulipomwamkia shikamoo hakuitikia kwanza, alitutazama miguu.

"Mtavaa hizi," alisema. "Pasaka tunakwenda kutembea."

Alikuwa na mpango wake tayari. Alisema watalii wanavuka bahari kuja kuyaona maporomoko yetu, na sisi tunazaliwa na kufa tukiyasikia kwa mbali tu. Jumapili ile, tuliporudi kanisani na kumaliza kula, aliutandaza mpango huo mezani mbele yetu. Chupa ya chai ndiyo ilikuwa Mlima Meru. Vijiko vilikuwa mito. Punje za maharage zilikuwa mahali pa kulala. Siku ya kwanza tungepita ziwa Duluti, kisha tupande juu ya Tengeru hadi nyumbani kwa Bibi, mama yao, tulale huko. Siku ya pili tungeshuka korongoni kuyaona maporomoko ya mto wa pale kwao. Baadaye tungezunguka mlima mpaka upande wa Ngaramtoni kuona maporomoko mengine, tulale hosteli ya kanisa, na siku ya nne turudi Lemara. Mama alifurahi. Aliuliza kuhusu chakula na mablanketi. Elibariki aliuliza kama kuna samaki.

Mimi niliuangalia mkono wa Baba.

Kila Shangazi alipokilaza kijiko cha siku ya pili, Baba alikisogeza pembeni, taratibu, kama mtu anayefuta makombo mezani. Shangazi alikirudisha. Baba alikisogeza tena. Akasema njia ina utelezi. Akasema afadhali twende kuona bustani ya nyoka kule Kisongo, watoto watapenda. Akasema mvua.

"Mvua ndiyo inayaleta hayo maporomoko, Anaeli," Shangazi alimjibu, na akacheka. Kijiko kikagonga chupa. Nikaona Baba amekifumbata kwenye ngumi, hakiachii.

Sijui kama mmewahi kumwona mzazi wenu akiogopa mkiwa bado wadogo. Ni kama kuegemea ukuta ukaukuta ni pazia. Tangu Jumapili ile sikulala vizuri. Na Elibariki, badala ya kunituliza, alinikoleza. Aliniambia, kwa sauti ya mtu anayefundisha, kwamba maji ya korongoni yana akili. Yakishalijua jina lako yatakuita, na ukiitwa lazima uende. Alikuwa amelisikia hilo shuleni, au amelitunga mwenyewe, mpaka leo hakumbuki.

Nikamwendea Mama. Alikuwa anachambua mchele uani, chini ya mparachichi, na mvua ilikuwa imekatika kidogo. Nikamuuliza kwa nini Baba hataki kwenda korongoni. Mama alichambua kwanza, akatupa chuya moja, ya pili, halafu akaniambia. Baba alikuwa na mdogo wake. Walitumwa majani ya ng'ombe ng'ambo ya korongo, wakiwa watoto, kipindi cha masika kama hiki. Mto ulishuka ghafla kwa mafuriko. Baba akarudi peke yake.

"Ndiye yule baba mdogo aliyekufa kwa homa?" niliuliza, maana hivyo ndivyo tulivyoambiwa.

"Ndiye," Mama alisema. "Kaka yako amerithi jina lake. Usimuulize baba yako, na usimwambie kaka yako."

Mkumbuke nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Niliunganisha maneno ya Elibariki na maneno ya Mama, na hesabu ikatoka moja tu: yale maji yalishalijua jina. Yalikuwa nalo miaka yote. Na sisi tulikuwa tunampeleka kaka yangu hadi mlangoni kwao na gambuti mpya miguuni.

Hapo hapo nikang'amua na jambo lingine. Baba hakuwahi kumwita Elibariki kwa jina. Alimwita Kijana. Kijana njoo, Kijana umeoga. Kwangu ilikuwa kawaida tu, kama ilivyo kawaida jua kuchomoza. Sasa nikajua na yeye anamlinda.

Basi nikaamua kumbadilisha kaka yangu jina. Nilifikiri sana, na jina nililolichagua lilikuwa Mteja. Kwenye simu ya Mama kulikuwa na mwanamke ambaye kila mara alisema mteja unayempigia hapatikani kwa sasa. Nikaona hilo ndilo jina. Maji yakimtafuta, asipatikane. Nilianza kumwita Mteja siku ile ile, mezani, barazani, kila mahali, na nikawaomba wote wamwite hivyo. Elibariki alidhani namtania, akalipenda. Mama alinitazama kwa muda mrefu, akaanza na yeye kumwita Mteja. Sikujua kama alinielewa.

Mipango ikaendelea. Kila Jumapili chupa ya chai ilikaa mahali pake, na kila Jumapili Baba alisema maneno machache zaidi, hadi akafika mahali hasemi kabisa. Ukimya wake nikauelewa kuwa ndiyo amekubali. Nilitamani augue. Nilitamani niugue mimi. Nililala na kanga iliyolowa maji ili nipate homa, nikaamka mzima kabisa.

Tulikwenda. Ziwa Duluti sikuliona, ingawa nilisimama ukingoni mwake. Gari la Noah tulilolikodi lilitupandisha juu ya Tengeru hadi tope lilipolikataa, tukamalizia kwa miguu katikati ya migomba na mibuni, maji yakitudondokea shingoni kutoka kwenye majani. Bibi alitupikia loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na maziwa mgando, na kila mtu alikula isipokuwa Baba. Kutoka chumba tulicholala nilikuwa nausikia mto. Haukuwa na kelele. Ulikuwa unanguruma chini chini, kama mtu mzima anayezungumza chumba cha pili ambaye huyashiki maneno yake.

Asubuhi Bibi aliomba kabla ya uji. Aliomba mpaka uji ukaganda ngozi juu. Alipofungua macho hakumtazama mtu, alimfunga Elibariki vifungo vya koti la mvua, akafungua, akavifunga upya.

Njia ya kushuka korongoni ni mteremko mkali, na siku ile ilikuwa ya kushuka kwa kushika mizizi. Mvua ilikuwa imeacha, juu yetu palikuwa na kipande cha anga safi, ila kichwa cha mlima kilikuwa cheusi. Shangazi alitangulia na fimbo, akituelekeza pa kukanyaga. Mama alinishika mkono. Katikati ya mteremko Baba alisimama, akaegemea mti, akasema yeye atatungoja hapo. Shangazi aligeuka akamtazama. Nilidhani atamcheka kama siku zote. Hakucheka. Akaendelea kushuka.

Maporomoko yalikuwa mazuri, na mniwie radhi, siwezi kuyasimulia uzuri wake. Nakumbuka baridi. Nakumbuka moshi wa maji ukinilowesha kope, na majani ya ukingoni yakitikisika bila upepo. Kabla Mama hajageuka, Elibariki alisharuka jiwe la kwanza, la pili, la tatu, akasimama juu ya jiwe bapa katikati ya mto, mikono ameitandaza.

Mama alimwita. Shangazi alimwita Mteja, nami nikamwita Mteja, na sauti zetu zote zikamezwa. Hakutugeukia. Alikuwa anayatazama maji.

Kisha nikasikia mawe yakiporomoka nyuma yangu. Ni Baba. Alikuwa anashuka kwa makalio, hana habari na suruali, macho yake yakitazama juu ya korongo na si kwetu. Upepo ulikuwa umeanza kutoka huko juu, una harufu ya udongo uliochimbuliwa. Maji miguuni petu yalikuwa yamegeuka rangi, yamekuwa kama chai ya maziwa.

"Kijana!" Baba aliita. "Kijana!"

Kaka yangu alipunga mkono bila kugeuka.

Niliona shingo ya Baba ikijaa mishipa. Nikajua anataka kufanya nini, nikamng'ang'ania mguu kwa mikono yote miwili, nikimwomba asiseme, asiseme, Baba usiseme. Woga wa namna ile sijaupata tena maishani, hata siku ya kujifungua.

"Elibariki!"

Sauti ile haikumezwa. Iligonga ukuta wa korongo ikarudi. Na kaka yangu aligeuka, kwa mshangao mtupu, kwa sababu katika miaka yake yote hajawahi kusikia jina lake kinywani mwa baba yake. Alimtazama Baba usoni, na alichokiona hapo kilimtosha. Akaruka jiwe, akaruka la pili, akateleza. Baba alinikung'uta mguuni, akaingia majini hadi magotini, akamkamata koti. Koti likachanika. Akamkamata mkono. Walipotoka tulipanda wote kwa magoti na kucha, na tulikuwa hatujafika mbali mto uliposhuka. Ulikuja na gogo zima la mti mbele yake, na sauti kama ya lori linalomwaga kokoto. Nilipogeuka lile jiwe bapa halikuwepo, palikuwa na mgongo wa maji ya udongo tu, unakimbia.

Mama alimpapasa Elibariki kichwani, mabegani, kama anayemhesabu viungo. Shangazi alikuwa amekaa kwenye tope, ameshika mzizi, akirudia maneno yale yale: "Nimewaona wote wawili. Wote wawili." Sikuyaelewa. Nikaona Baba anamwendea, anamshika mkono, anamwinua, wanapanda.

Ngaramtoni hatukwenda. Tulikaa kwa Bibi siku zilizobaki, nguo zetu zikikaukia juu ya moshi wa jikoni, na Baba akawa mtu wa ajabu. Elibariki, lete kuni. Elibariki, funga mlango. Elibariki, basi tu, nilikuwa nakuita. Mimi kila mara nilishtuka na kusikiliza upande wa korongoni, nikingoja kama kuna kitakachoitika. Ilinichukua muda mrefu, baada ya kurudi Lemara, kuamini kwamba hakuna.

Mengine niliyajua nikiwa na mtoto wangu mwenyewe. Nilikwenda kumwonyesha Shangazi, ambaye sasa anaishi pale pale juu ya Tengeru kwenye nyumba ya marehemu Bibi. Alikuwa anamenya ndizi, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa utomvu. Nikamuuliza kwa nini siku zile alishikilia ile safari, hali alijua.

Akaniambia aliyewatuma majani ni yeye. Kazi ile ilikuwa yake, ila jioni ile alitaka kuwahi mazoezi ya kwaya, akawasukumia wadogo zake. Baba hakuwahi kumsemea kwa wazazi. Hakuwahi kumlaumu, si siku ile, si miaka iliyofuata. Shangazi alihama akaenda mbali kufanya kazi, na kila likizo alirudi akingoja neno la lawama limtoke mdogo wake, na halikumtoka. Alipostaafu akaona atakufa hajalisikia.

"Nilitaka tusimame pale pamoja," alisema. "Nikajua akipaona atashindwa kunyamaza. Nilitaka anigombeze, mwanangu. Wakati napanga ile safari nilikuwa natapika kila asubuhi kwa woga, halafu nakuja mezani nacheka."

"Alikugombeza?"

Alimalizia ndizi aliyokuwa ameishika, akaitia kwenye maji.

"Ulikuwepo," alisema. "Si ulimwona? Alinishika mkono tukapanda."

Nilimwona. Nilikuwa nyuma yao kabisa, na Mama ananisukuma. Nilidhani anamsaidia kwa sababu ni mzee, na njia ina utelezi.